Magurudumu Mawili au Manne: Tafakuri ya Mnunuzi wa Gari la Mtumba

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Lau wangaliziona yadi za magari zilizotapakaa kandokando ya barabara kuu za Kenya, huenda wangaliongeza la pili: kwamba kuna bidhaa ambayo wema na ubaya wake haujulikani mpaka ifike katika njia itakayopita. Gari ni bidhaa ya namna hiyo. Mnunuzi huingia yadini akauliza rangi, akauliza mwaka wa kuundwa, akachungulia idadi ya kilomita, kisha akapiga tairi teke kwa kuwa ameona wengine wakifanya hivyo. Swali moja huachwa hadi mwisho, na aghalabu hujibiwa kwa fahari kuliko kwa hesabu: je, injini ya gari hili huyapa nguvu magurudumu mangapi?

Swali hilo lilimkabili mwalimu mmoja wa Kiswahili wa shule ya upili mjini Thika mwishoni mwa 2024. Mwalimu huyo, ambaye hapa atatajwa kwa kazi yake tu, alikuwa amekubaliwa mkopo na Sako yake. Mkopo huo, ukijumlishwa na akiba ya mkewe ambaye ni mhasibu, ulitosha sedani moja ya mtumba na si zaidi. Gari lenyewe halikutakiwa kwa mapambo. Mama mzazi wa mwalimu, mjane aliyepita umri wa miaka sabini, aliishi katika miinuko ya Murang'a, juu ya Kangema, kwenye ukanda wa majani chai. Tangu mapema mwaka huo figo zake zilikuwa zimedhoofika hata akahitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa juma. Daktari alikuwa ameieleza familia bila kuficha: kila kikao huchukua takriban saa nne, na kukikosa ni kuyaacha maji na potasiamu virundikane mwilini mpaka moyo wenyewe uwe hatarini.

Kutoka penye lami hadi kwa mama palikuwa na kilomita sita za udongo mwekundu, na katikati yake mteremko mmoja mkali unaoshuka mtoni na kupanda ng'ambo. Wakati wa masika ya 2024, mvua zilipoleta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya, kalvati ya mto huo ilisombwa. Majirani walimketisha mama kitini, wakambeba mabegani na kumvusha juu ya magogo. Hata hivyo, kikao kimoja kilikuwa kimekwisha kumpita. Alipoombwa ahamie Thika, mama alikataa kata kata. "Mwanangu," alisema, "huko nitapona figo nife kwa upweke."

Kwa hiyo walipoketi kujadili gari, mume hakuwa na shaka hata chembe: liwe la magurudumu manne. Mke alikuwa na shaka nyingi.

Mtaalamu wa lugha hawezi kununua kitu asichoweza kukiita jina, na hapo mwalimu alikwama kwanza. Mafundi wa jua kali husema "fobai", neno ambalo limekwisha kuzoeleka vinywani mwa Wakenya hata watoto wanalijua. Lakini fobai huitwa magari mazito ya milimani na pia sedani nyepesi yenye umbo lile lile la gari la kawaida. Kwa upande wa pili, gari linalovutwa na magurudumu ya mbele halina jina la nyumbani kwa sababu ndilo kawaida, nayo kawaida haiitwi jina. Mwalimu aliamua kuzungumzia "mvuto wa mbele" na "mvuto wa magurudumu yote". Istilahi hizo zilimfaa kwa jambo moja: zilimlazimisha aulize ni nini hasa kinachovuta, na kinavuta wakati gani.

Katika sedani nyingi za Kijapani zinazoletwa Kenya, injini imelazwa kwa upana chini ya boneti, na giaboksi imeshikamana nayo ubavuni. Nguvu hutoka hapo ikaingia moja kwa moja katika magurudumu mawili ya mbele. Hakuna mtaimbo mrefu unaopita chini ya sakafu, wala difu ya nyuma. Gari huwa jepesi, hunywa mafuta kidogo, na lina vyuma vichache vya kuharibika. Aidha, uzito wa injini hukaa juu ya magurudumu yale yale yanayovuta, hivyo tairi hukandamizwa ardhini na kupata mshiko mzuri.

Udhaifu wake hujitokeza mlimani. Gari linapopanda, uzito huegemea nyuma na magurudumu ya mbele hupunguziwa mzigo. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, hayo ya mbele huanza kuzunguka bure yakichimba shimo mahali pamoja. Madereva wa vijijini wanalijua jambo hili ingawa hawakulisoma darasani. Ndiyo maana baadhi yao, wakishindwa na kilima, huligeuza gari na kulipandisha kinyumenyume. Hapo magurudumu yanayovuta huwa ndiyo yaliyo upande wa chini, uzito wote ukiyaegemea, na gari hupanda.

Gari lenye mvuto wa magurudumu yote limeongezewa mtaimbo wa kupeleka nguvu nyuma, difu ya nyuma, na kiungo cha kati cha kugawa nguvu hizo. Kila tairi huwa na kikomo cha mshiko wake, na kazi ikigawanywa kwa manne badala ya mawili, hakuna tairi linalofikia kikomo hicho upesi. Kuondoka penye tope, kupanda penye utelezi, kuongeza mwendo barabara ikiwa imelowa: katika mambo hayo mvuto wa magurudumu yote hauna mshindani.

Hata hivyo, fobai si za namna moja. Subaru kwa kawaida hupeleka nguvu mbele na nyuma wakati wote. Sedani nyingine nyingi za aina hii husafiri zikivutwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma huamshwa pale tu ya mbele yanapoteleza. Tena ipo tabia ya difu ya kawaida ambayo wanunuzi wengi hawaifahamu. Difu huyaachia magurudumu mawili ya upande wa kulia na kushoto yazunguke kwa kasi tofauti ili gari liweze kukata kona. Lakini gurudumu moja likikosa mshiko kabisa, nguvu hukimbilia huko huko na kupotea. Kwa hivyo fobai isiyo na kifungio wala breki za kielektroniki za kulizuia gurudumu linaloteleza inaweza kukwama, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka hewani, mwenyewe akishangaa ahadi ilikwenda wapi.

Lipo na jambo zito kuliko hilo. Mvuto huhusu kwenda, hauhusu kusimama. Magari yote, ya mvuto wa mbele na ya mvuto wa magurudumu yote, hufunga breki kwa magurudumu manne. Fobai iliyopanda kilima kwa wepesi itashuka upande wa pili kwa kutegemea matairi yale yale ambayo gari la jirani linayategemea. Dereva aliyelewa kwa urahisi wa kupanda ndiye anayekutwa mtaroni wakati wa kushuka.

Kaka mkubwa wa mwalimu, aliyehamia Nyandarua kulima viazi, hakutaka kusikia maelezo hayo. Yeye alimiliki Subaru na aliamini kwamba mjadala ulifungwa zamani na Mashindano ya Safari. Imani yake si ya kudharauliwa, maana Wakenya wengi wa rika lake walijifunza magari kando ya barabara za vumbi, wakimshangilia Patrick Njiru katika Subaru yake miaka ya 1990, wakamwona Ian Duncan akishinda 1994 kwa Toyota Celica ya magurudumu manne, na Colin McRae akishinda 1997 kwa Subaru Impreza.

Lakini historia ya mashindano hayo, yaliyoanza 1953, ina kurasa nyingine. Mwaka 1956 mshindi aliendesha DKW, gari dogo lililovutwa na magurudumu ya mbele. Joginder Singh alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer iliyosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Shekhar Mehta alitwaa ushindi mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun ya magurudumu mawili vilevile. Hadi ushindi wa Audi mwaka 1987, njia hizo za tope na mawe zilikuwa zimetawaliwa na magari ambayo leo mtu angeambiwa hayafai hata kufika kwa mamake. Mwalimu alipoyataja hayo, kaka alicheka akajibu, "Mdogo wangu, Mehta alikuwa na mafundi wakimngoja kila kituo. Wewe utakuwa na mama mgonjwa kiti cha nyuma, na saa mbili usiku."

Jibu hilo lilikuwa na uzito. Mshindani wa Safari akikwama hupoteza dakika, na mwana akikwama na mama yake mgonjwa hupoteza kitu kisichopimwa kwa saa. Ndipo mke alipotoa daftari lake.

Mhasibu huyo hakuanza na gari. Alianza na kalenda. Mvua za masika hunyesha baina ya Machi na Mei, na za vuli baina ya Oktoba na Desemba. Alimpigia simu mama mkwe na kumuuliza kwa adabu: katika miezi hiyo, ni siku zipi mahususi ambazo gari lililomchukua lilishindwa? Mama, ambaye hakusahau hata siku moja ya ugonjwa wake, alizitaja moja baada ya nyingine. Katika safari zote za tangu aanze matibabu, siku tisa zilikuwa za matatizo. Siku nne kati ya hizo ni zile ambazo kalvati haikuwapo, na hapo hata trekta lisingevuka. Siku mbili gari lilikwaza tumbo kwenye matuta yaliyochongwa na malori ya majani chai. Zilizobaki tatu ndizo ambazo magurudumu yalizunguka bure kilimani.

Mwalimu alizitazama hesabu hizo kwa muda mrefu. Tumbo la gari kukwaza si suala la mvuto, ni suala la kimo. Sedani nyingi, ziwe za mvuto wa mbele au wa magurudumu yote, huinuka kutoka ardhini takriban milimita 150 hadi 160. Forester, ambayo wengi huiwaza wanaposema Subaru, hupita milimita 200, lakini hiyo si sedani na bei yake haikuwa katika mipaka ya mkopo. Gari la chini lenye magurudumu manne yanayovuta, likishakalia tuta, magurudumu yake yote manne huning'inia. Kwa hiyo siku ambazo mvuto wa magurudumu yote ungesaidia zilikuwa tatu.

Siku tatu si kitu cha kupuuzwa ikiwa moja yake inaweza kuwa ya mwisho. Mke alilikiri hilo kabla ya kuambiwa. Alichotaka kijulikane ni bei yake. Waliyokuwa wakiyalinganisha ni magari mawili ya Toyota Premio ya 2017, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. La mvuto wa mbele lilikuwa na injini ya sisi 1,500. Premio ya magurudumu yote huja na injini ya sisi 1,800 tu, na injini iliyopita 1,500 hutozwa ushuru mkubwa zaidi wa bidhaa. Tofauti ya bei yadini ilikuwa shilingi 210,000. Kwa makadirio yake, gari dogo lingekwenda kilomita 14 kwa lita na lile kubwa 11 na nusu. Katika kilomita 15,000 za mwaka, hiyo ni tofauti ya takriban lita 233, na kwa shilingi 180 kwa lita ni karibu shilingi 42,000. Aliandika kando kwamba sehemu ya gharama hiyo ni ya ukubwa wa injini, haitokani na mvuto peke yake, lakini mnunuzi hawezi kununua kimoja akaacha kingine.

Baada ya hesabu walimwendea fundi. Huyu alikuwa mzee wa gereji ambaye mikono yake ilijua magari kuliko vitabu, na alimwita mwalimu "Mwalimu" na mkewe "Mama" kwa heshima ile ile. Hakuwaambia wanunue lipi. Aliwaambia jinsi ya kuangalia. Kwanza, usisadiki maandishi ya nyuma ya gari, maana yanaweza kubandikwa na yeyote. Soma kibati cha namba za muundo: NZT260 ni ile ya sisi 1,500 yenye mvuto wa mbele, na ZRT265 ni ya 1,800 yenye mvuto wa magurudumu yote. Pili, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mnunuzi wa gari la mtumba methali hiyo si fumbo. Lala chini, tazama kama difu ya nyuma inavuja mafuta, tazama viungo vya mtaimbo, tazama mipira inayofunika viungo vya magurudumu ya mbele isiwe imepasuka.

Tatu, liendeshe polepole katika duara dogo kabisa penye lami kavu, usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho. Gari la mvuto wa mbele likitoa sauti ya kugonga, ta-ta-ta, viungo vya mbele vimechoka. Fobai ikionekana kujikaza na kurukaruka kana kwamba mtu ameishika breki, kiungo cha kati kina kasoro, na ukarabati wake si wa pesa za mboga. Nne, tazama matairi. Fobai hutaka matairi manne yanayolingana kwa aina na kwa uchakavu. Moja likiwa jipya na matatu yamekwisha, mizunguko yake hutofautiana, na kiungo cha kati hufanya kazi bila kupumzika hadi kiungue. Na likiharibika njiani, brekidauni isiliburute kwa magurudumu mawili, bali libebwe lote juu.

Fundi alitaja na jambo ambalo halikuwa limewajia. Aliuliza: kwa nini Wajapani, wenye barabara za lami kila pembe, waliunda sedani za magurudumu manne? Jibu ni theluji. Magari mengi ya namna hiyo hununuliwa na wakazi wa Hokkaido na mikoa mingine ya baridi kali, ambako majira ya kipupwe barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari, ikaganda katika mabomba ya breki, katika vyuma vya kusimamisha magurudumu, katika kingo za sakafu. Gari hukaguliwa kabla ya kusafirishwa kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515, lakini ukaguzi huonyesha hali ya siku ile, hautabiri kutu itakayoendelea kula pole pole chini ya rangi ya kupakwa. Hivyo anayetafuta fobai ya mtumba anatafuta, bila kujua, gari ambalo huenda lilizeekea penye chumvi. Usione vyaelea, vimeundwa. Wala usione vyang'aa juu, ukasahau kutazama chini.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alikwenda kumwona mama kwa Probox ya abiria. Ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gari lilibeba watu saba na gunia la viazi, na dereva, kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano, alishuka mteremko wa mtoni kwa gia ya chini bila kugusa breki. Alipofika ng'ambo hakuongeza kasi kwa pupa. Alisimama chini, akautazama mlima, akachagua upande wenye changarawe, kisha akapanda kwa mwendo mmoja usiobadilika. Gari liliyumba, likateleza, likafika. Mwalimu alimuuliza kama ni fobai. Kijana alicheka. "Hii ni ya mbele tu, Mwalimu. Lakini matairi ni mapya, nimeyanunua mwezi huu. Hapa tairi likiisha, hata ndege haipandi."

Nyumbani mwalimu alimweleza mama mjadala wote, akiamini kwamba mjadala huo ulikuwa juu yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: kiti cha gari hilo kina urefu gani? Magoti yake yalikuwa yamevimba. Gari la chini mno lilimlazimu ajitupe ndani kama gunia, na la juu mno lilimlazimu ainuliwe na wanaume, jambo ambalo lilimfedhehesha kuliko ugonjwa. Baada ya kusafishwa damu alitoka akiwa amelegea, na alichokiogopa kila Jumatatu na Alhamisi ni mlango, si mlima. Mwalimu, aliyekuwa amejifunza difu na mitaimbo kwa majuma matatu, alikaa kimya.

Siku ya kuchagua walikwenda na mama yadini. Aliketi katika magari matano, akatoka, akaketi tena, muuzaji akimwita "shosho" na kumfungulia milango. Premio ilimfaa: alikaa bila kujitupa, akatoka kwa kushika mlango. Wakanunua ile ya mvuto wa mbele. Kaka wa Nyandarua alipopewa habari alilalamika kidogo kisha akawatakia heri, na hakuna aliyemwambia kuwa yeye alikosea kununua Subaru. Njia ya kwake ni udongo mweusi unaonata, tena huipita asubuhi na jioni miezi yote ya mvua. Angefanyiwa hesabu kwa daftari lile lile, siku zake za utelezi zingehesabika kwa makumi, na mvuto wa magurudumu yote ungejilipa wenyewe. Jawabu lililo sahihi Nyandarua linaweza kuwa ubadhirifu Murang'a.

Zile shilingi 210,000 hazikurudi benki. Sehemu yake ilinunua matairi manne mapya yenye meno ya kina, baada ya mke kusoma tarakimu nne ubavuni mwa kila moja, mbili za kwanza zikiwa za juma na mbili za mwisho za mwaka wa kuundwa, na kuyakataa mawili yaliyokaa dukani miaka minne. Sehemu nyingine ilinunua bamba la chuma la kuikinga injini kwa chini, kamba ya kuvutia na sepeto. Iliyosalia ilizua ubishi wa mwisho baina ya wanandoa hao. Mume alitaka iwekwe akiba ya dharura. Mke alipendekeza lori la mawe.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Wameshahesabu kwamba siku tatu za hatari zilitokea mahali pamoja, katika mita zisizozidi arobaini za kilima kimoja. Fobai ingewavusha wao peke yao. Mawe yangevusha Probox, bodaboda, lori la majani chai, na yeyote ambaye mama yake ni mgonjwa. Mzee wa kijiji aliitisha harambee ndogo, kila boma likatoa lililoweza, na wasiokuwa na fedha wakatoa siku moja ya kazi. Mawe yalimwagwa Februari 2025, yakashindiliwa kwa mikono kabla ya masika.

Haitakuwa haki kudai kwamba mambo yote yalinyooka. Mvua za Aprili ziliondoa sehemu ya mawe hayo, na siku moja Premio iliachwa dukani juu ya kilima, mwalimu akateremka kwa miguu, akamkuta mama akingoja na mwavuli kando ya Probox ya yule kijana. Alhamisi hiyo walichelewa hospitalini kwa dakika hamsini, na mwalimu aliwaza njia nzima kuhusu ZRT265 aliyoiacha yadini. Mama alipouliza anawaza nini, alijibu kuwa ni uchovu.

Mwenye kununua gari hununua pia siku ambazo gari hilo litashindwa, na hakuna gari lisilokuwa na siku zake. Busara iliyomo katika uwezo wa mnunuzi ni kuzihesabu siku hizo mapema, kujua zinasababishwa na nini, na kuuliza kama dawa yake inauzwa yadini au inapatikana kwingine. Wako ambao dawa yao ni mvuto wa magurudumu yote, na wainunue bila kuona haya. Wengine dawa yao ni matairi manne mapya, au kiti chenye kimo cha kumfaa mgonjwa, au lori moja la mawe. Kwa mwalimu na mkewe, kazi iliyobaki ni ya kalvati. Ile iliyowekwa baada ya mafuriko ni ya mabomba membamba, na vuli nyingine inakuja. Barua ya wanakijiji kwa serikali ya kaunti imekwisha kuandikwa, kwa Kiswahili sanifu, na mama ndiye aliyetia saini ya kwanza.